Nilivyounganisha reli za vimo viwili kwenye chelezo

Kazi niliyopewa ilikuwa kurefusha reli za chelezo kimoja, yaani mteremko wa kupandishia vyombo nchi kavu, kilicho kwenye mkono wa bahari wa Tudor, hapa Mombasa, ili mashua ziweze kupandishwa hata wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Reli za zamani ziliishia juu mno. Bamvua likija, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na kitoroli kikiteremshwa hadi mwisho wa reli mashua huelea juu yake bila taabu. Maji mafu yakiingia, maji kujaa pale hayatoshi mashua kuelea. Basi jahazi linalovuja hukaa nje kwenye nanga likisubiri mwezi, na mwenye jahazi hula hasara.

Mwenye chelezo alikuwa tayari na reli za kuongezea, tena na karatasi zake za ununuzi. Nilitaka kuziona hizo karatasi kabla ya kushika kipande hata kimoja, na namshauri kila fundi wa chuma afanye hivyo. Tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, reli isiyo na asili inayojulikana ni kesi inayokungoja, na reli iliyong'olewa njiani ni roho za watu.

Nilipozifuta kutu kiunoni, yaani pale pembamba kati ya kichwa cha reli kilicho juu na wayo wake ulio chini, nikakuta alama zilizoinuka za kiwanda, na kati yake namba 80. Za zamani, zile zilizokuwa chelezoni tangu enzi ya baba yake, zilikuwa za 50. Namba hizo ni uzito wa paundi kwa yadi moja. Reli ya paundi 50 ni kama kilo 25 kwa meta, ya paundi 80 ni karibu kilo 40. Mombasa si ajabu kuzikuta zote mbili. Njia iliyoanza kutandikwa hapa mwaka 1896 ilikuwa ya reli za paundi 50, geji (upana kati ya reli mbili) ya meta 1, na baadaye njia kuu ikatandikwa upya kwa reli nzito zaidi, za 80 na za 95. Reli ya SGR, ile njia mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017, ni ya kilo 60 kwa meta, sawa na paundi 121 hivi kwa yadi. Kila kizazi kimeacha chuma chake.

Kwa vipimo vya Kiingereza vya zamani, reli ya 50 ina kimo cha milimita 100 na ya 80 ina milimita 133. Ukizilaza zote juu ya taruma moja, ile boriti inayolala chini ya reli kwa kukingama, gurudumu linakutana na ukuta wa milimita 33. Hakuna kitoroli kitakachopanda ukuta huo kikiwa na jahazi la tani kumi na kitu mgongoni, na kikiupanda, waya wa winchi utakuwa umevutwa kupita kiasi.

Kabla ya kukata chochote nilikwenda Changamwe kumwona mzee mmoja aliyekuwa mnyapara wa gengi la reli kwa miaka mingi. Nilimkuta barazani, tukaamkiana, nikamweleza.

"Ami, nina reli ya themanini na ya hamsini. Nizikutanishe vipi?"

"Wewe umeshaanza kuangalia chini," akanijibu. "Angalia juu. Gurudumu halijui wayo wa reli, linajua kichwa tu. Linganisha mahali linapokanyaga na mahali ukingo wake unapogusa kwa ndani. Huko chini na huko nje mambo yaache yatofautiane yatakavyo, kazi yako ni kuyashikilia."

Kazi nzima iliyofuata ilikuwa kuyatekeleza maneno hayo ya ami.

Jambo la kwanza lilikuwa mahali pa kuungia. Mwisho wa reli za zamani ulikuwa katikati ya eneo ambalo bahari hulifunika na kulifunua mara mbili kwa siku, na hapo chuma huliwa upesi, kwa sababu hupata chumvi na hewa kwa zamu. Kiungio cha vimo viwili kina boliti, mianya na mabamba mengi, kwa hiyo hapo kingeoza kabla ya kitu kingine chochote. Nikamwomba mwenye chelezo aniruhusu kung'oa sehemu ya reli za zamani hadi juu ya alama ya maji ya bamvua, nipeleke reli za 80 mpaka huko, na kiungio kikae pakavu. Alisita, maana reli zilikuwa za kuhesabu. Tulipopima tukaona zinatosha, akakubali. Huko juu njia imenyooka, na nilifurahi kwa hilo, kwani kiungio cha namna hii hakifai kuwekwa kwenye kona.

Halafu kupima. Vipimo vya vitabuni ni vya reli iliyotoka kiwandani, nami nilikuwa na reli iliyokanyagwa na kuliwa na kutu. Niliweka rula ndefu ya chuma juu ya vichwa, nikapima kuanzia hapo kushuka hadi chini ya wayo, reli moja baada ya nyingine, pale pale ambapo zingekutana. Upande wa kulia tofauti ilikuwa milimita 36, upande wa kushoto 38. Reli za zamani zilikuwa zimelika zaidi ya hizi zilizonunuliwa, na hazikulika sawa. Kama ningekata vipande vya milimita 33 kwa kufuata kitabu, ningebaki na ngazi pande zote mbili.

Unene wa kichwa nao una habari yake. Kichwa cha reli ya 80 kina upana wa milimita 63.5, cha 50 kina 52.4. Kwa kuwa geji hupimwa kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, kingo hizo ndizo zilizopaswa kunyooka kama uzi. Tofauti yote ya milimita 11 inabaki kwa nje, na viuno vya reli havikutani katikati, vinapishana kwa milimita tano na nusu. Kwa sababu hiyo bamba la ndani si sawa na la nje, na la kulia si sawa na la kushoto. Yanahitajika mabamba manne, kila moja la peke yake.

Mabamba hayo watu wa reli huyaita fishipleti. Wengi hudhani fishipleti hubana kiuno cha reli. La. Inakaa kama kabari kati ya chini ya kichwa na juu ya wayo, na boliti zikikazwa huivuta iingie humo ijibane. Ikigusa kiuno, basi imeshafika mwisho na haishiki kitu tena, hata ukikaza spana mpaka mikono iume. Nilichonga vielelezo vya bati kwa kila reli, nikavijaribu kwenye mianya hiyo mpaka vikakaa bila kucheza, ndipo nikashika chuma chenyewe.

Kuna fishipleti za kiwandani za kuunganisha reli za vimo tofauti, zimefuliwa zikiwa na ngazi yake. Lakini hufuliwa kwa vipimo vya reli mpya, na zangu zilikuwa zimechakaa kila moja kivyake. Kuna pia kuunganisha kwa kuyeyusha, unga wa alumini na kutu ya chuma ukiwashwa ndani ya chungu, chuma kikamiminika kwenye kalibu. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa na mafunzo yake. Kuzichomelea reli zenyewe kwa umeme sikutaka kabisa. Chuma cha reli kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kikiwa baridi kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika pembeni ya mshono, na ufa unaweza kujificha humo hadi siku jahazi likiwa katikati ya mteremko.

Kwa hiyo nilizikata fishipleti za kawaida, nusu ya 80 na nusu ya 50, nikaziunga zikiwa na ngazi inayofuata vielelezo vyangu. Nilizipasha moto kwanza, nikatumia vijiti vya kuchomelea vilivyokaushwa kwenye tanuri, maana hewa ya pwani ina unyevu na unyevu huo huingia kwenye mshono. Kila bamba nililiongezea nondo bapa kwa nje, kisha nikalifukia kwenye majivu makavu lipoe polepole hadi asubuhi. Chelezo huenda kwa mwendo wa kobe, na kiungio hiki kinakitosha. Kwenye njia ya treni nisingekiweka hata kama ningelipwa mara kumi.

Matundu kwenye reli niliyatoboa kwa keekee, kwa mwendo wa taratibu na mafuta ya kukatia, kisha nikazungushia tupa kwenye kingo zake. Kijana aliyekuwa akinisaidia alitaka kuyachoma kwa gesi ili tumalize mapema. Nilimwonyesha reli moja ya zamani iliyokuwa na tundu la gesi, na ufa uliotoka humo ukipanda kuelekea kichwani. Hakuuliza tena. Nati zote zilielekea nje, kwa kuwa ukingo wa gurudumu hupita ndani, na kwenye reli fupi ya paundi 50 nafasi ya chini ya kichwa ni ndogo.

Chini ya kiungio ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Mataruma mawili yanayopakana na kiungio yakizama kwa viwango tofauti, ngazi uliyoiondoa kwa jasho inarudi yenyewe. Niliyateremsha yote mawili hadi kiwango cha reli ya 80, nikashindilia kokoto chini yake, kisha nikalaza bamba moja la milimita 20 linalopita juu ya mataruma yote mawili, kila upande bamba lake. Yakizama, yazame pamoja. Reli ya 80 ilikaa moja kwa moja juu ya bamba. Reli ya 50 niliiinulia vipande: kulia cha milimita 20 na cha 16, kushoto hivyo hivyo pamoja na bati la milimita 2. Vipande vilichomelewa kwenye bamba, kwani hicho ni chuma laini kisicho na matata. Reli zenyewe zilishikwa kwa vibano vya boliti.

Upana wa mwanya kati ya ncha za reli niliupigia hesabu. Chuma cha urefu wa meta 12 kikipata joto zaidi kwa digrii 30 hurefuka kama milimita 4. Jua la Kaskazi saa nane mchana likipiga reli ya huku juu huwezi kuiwekea kiganja, na alfajiri ni baridi. Tuliikaza asubuhi mapema na tukaacha milimita 5. Kisha kuna mteremko: reli za chelezo hupenda kutambaa kuelekea baharini, kwani kila kitoroli kinaposhuka huzisukuma. Mzigo huo haufai kubebwa na boliti za kiungio, kwa hiyo reli za zamani nilizifunga juu kwenye zege la winchi, na mpya zikazuiwa chini na zege lake lenyewe.

Kabla ya kupitisha kitoroli nilipaka chaki juu ya vichwa na kwenye kingo za ndani, tukakishusha kitupu na kukipandisha. Gurudumu huifuta chaki linapogusa, na chaki haidanganyi. Kulia ilifutika mstari mmoja usiokatika. Kushoto palibaki kijisehemu cheupe mara tu baada ya mwanya, kumaanisha gurudumu lilikuwa likiruka kidogo. Ilikuwa ncha ya reli ya 80, imezidi kwa chini ya milimita moja. Niliisaga ikateremka kidogo kidogo kwa urefu wa zaidi ya shibiri moja, tukapaka chaki tena. Safari hii ilifutika yote. Tukapakia mifuko ya mchanga, tukapima viwango kwa pimamaji kabla na baada, na mataruma hayakuwa yamecheza. Ndipo likaingia jahazi, siku ya maji mafu.

Nilisimama karibu na kiungio cha kushoto likipanda. Magurudumu ya mbele yalipita, nikasikia mlio mdogo wa mwanya tu, ule wa kawaida wa kila reli. Nahodha alikuwa upande wa pili akinitazama usoni badala ya kutazama chombo chake.

"Fundi, imeshapita?"

"Imepita, nahodha."

"Nami naingoja ishtuke!"

Tangu hapo kila bamvua likija napita pale na spana, grisi na ile rula ndefu. Boliti zililegea kidogo mwanzoni, kama ilivyo kawaida mabamba yanapojipata, na baada ya kukazwa upya zimetulia. Fishipleti huzifungua kwa zamu, nikazifuta na kuzipaka grisi mahali zinapogusana na reli, na vichwa vya boliti nikavifunika kwa lami. Kulia hakuna jipya. Kushoto mwanya wa alfajiri umefika milimita 6, na sababu naidhania kuwa kile kibano cha juu kwenye zege, ambacho kimeshika kutu upande mmoja. Kipya nimeshakikata. Kinangoja jahazi lililopo sasa limalize kutiwa kalafati lishuke, chelezo kibaki wazi.