Taa za baraza zilizochelewa kwa saa tatu

Nilipofunga taa za kuamrishwa kwa sauti nyumbani kwetu Tanga, nilipanga ratiba moja tu ya kila siku, kwamba taa za baraza ziwake saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linapoanza kuingia. Zikawa zinawaka saa tatu na nusu usiku, bila kukosea hata dakika moja.

Kwanza niliilaumu ruta ya intaneti, nikaizima na kuiwasha bila mafanikio. Kisha nikadhani nimejichanganya mwenyewe kati ya saa za Kiswahili na ile 18:30 ya kwenye simu, lakini kosa hilo lingeleta tofauti ya saa sita, si tatu. Hizo tatu ndizo zilizonifumbua macho: Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa za Greenwich, na nilipofungua mipangilio ya spika inayopokea amri za sauti niliona kuwa eneo la saa lilikuwa bado limeachwa kwenye UTC, yaani hizo hizo saa za Greenwich. Nikachagua Dar es Salaam, nikaifuta ratiba na kuiunda upya, kwa kuwa ile ya zamani iliendelea kushikilia saa za awali.

Lilibaki jambo dogo. Spika yangu haijui Kiswahili, na neno “baraza” ililisikia kila mara kuwa kitu kingine. Nikazipa taa hizo jina fupi la Kiingereza. Mama hulitamka kwa lafudhi yake ya Kitanga, na taa zinamtii.