Mguu wa Dkt. Ouko

Jumapili usiku

Leo nimebishana na mjomba kuhusu kifo cha Dkt. Ouko mpaka chai ikapoa. Kikombe akakifanya mwili, kijiko bastola, kopo la sukari jerikeni la mafuta. "Haya, mpwa wangu," akasema, "mtu anajipigaje risasi kisha anajichoma?"

Hapo hatubishani. Mwili wa Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, ulikutwa chini ya kilima cha Got Alila Februari 1990, kilomita chache kutoka nyumbani kwake Koru, magharibi mwa Kenya. Ulikuwa umeungua, una tundu la risasi kichwani, na mguu umevunjika. Mwanzoni serikali ilidokeza kwamba alijiua. Kisha wakaja wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, wakiongozwa na John Troon, na mtaalamu wao wa maiti, Dkt. Iain West, akasema ni mauaji.

Tunapogombana ni mahali. Troon aliona kwamba aliuawa pale pale au karibu na pale. Mjomba anakubaliana naye. Kamati ya Bunge iliyochunguza tena kuanzia 2003 ilisema aliuawa kwingine, mwili ukaja kutupwa. Mimi naegemea huko, na sababu yangu ni ule mguu: naona ulivunjika kabla hajaletwa pale. Mjomba anasema mtu anayeburutwa gizani kwenye mawe huvunjika, wala hahitaji kuletwa kutoka mbali. Nimekosa jibu, na bado nalitafuta ninapoandika.

Kinachoniuma zaidi ni zile siku tatu. Kijana mchunga mifugo aliuona mwili tarehe 13 Februari, naye akaogopa. Polisi walitangaza kuupata tarehe 16. Siku tatu fimbo, nguo na bastola vimelala porini bila mlinzi! Nani aliyepita hapo? Nani alisogeza nini? Ndiyo maana mimi na mjomba tunaweza kutazama kitu kimoja na kila mmoja akaona chake. Halafu tume ya Jaji Evans Gicheru ya kuchunguza kifo hicho, iliyokuwa ikiwasikiliza mashahidi mmoja mmoja, ikavunjwa Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi.

Mama ametuambia tuache, kuna watoto mezani. Tumeacha. Mjomba alipokuwa akivaa koti nimemwomba tuende Koru Jumamosi, tutembee kwa miguu kutoka upande wa nyumba ile hadi Got Alila, nione mwenyewe mawe yalivyo. Amekubali, ila tuanze alfajiri.