Kicheko Ambacho Hakikuja

Nilikuwa nimechekesha watu jukwaani kwa miaka tisa nilipopewa nafasi yangu ya kwanza kwenye filamu. Onyesho lenyewe lilikuwa fupi: mwanamume anamwambia mama mkwe wake kwamba duka limefilisika, na kwa aibu anachomekea utani. Nikajiambia, utani ndio kazi yangu, hapa sina cha kuhofia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilirudia kumtazama Robin Williams, mchekeshaji na mwigizaji wa Marekani. Kwa sisi tunaotoka jukwaani, yeye ndiye ushahidi kwamba njia ipo: alianzia kwenye vilabu vya vichekesho, televisheni ikampa jina mwaka 1978, na Machi 1998 akapokea Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa filamu ya Good Will Hunting. Humo kuna pale anapoketi na mwigizaji mwenzake, Matt Damon, kwenye benchi bustanini, akazungumza kwa dakika kadhaa bila kupandisha sauti. Nilimkazia macho yeye tu, nikihesabu anapotua na anapoendelea.

Asubuhi walinionyesha kipande cha utepe wa njano sakafuni: simama hapa, usikivuke. Juu ya kichwa changu ikaning'inia maikrofoni yenye sponji, kwenye fimbo ndefu aliyoishika kijana wa sauti kwa mikono miwili. Mwongozaji akatoa amri. Nikatupa utani wa kwanza.

Kimya.

Kwa asiyewahi kusimama mbele ya ukumbi, hili ni gumu kulieleza. Kicheko kwetu si malipo tu, ndiyo saa yetu. Unatupa neno, kicheko kinapanda, na kinapoanza kushuka, kabla hakijafika chini, unaingiza la pili. Ukiwahi, unakizima. Ukichelewa, ukumbi umepoa. Mwili wangu ulikuwa umezoea kutulia pale pale, kila usiku. Sasa nilikuwa mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kucheka, kwa sababu maikrofoni inanasa kila kitu.

"Kata! Kaka, unasubiri nini?"

Sikujua kwamba nasubiri.

Mara ya pili nikaongeza sauti. Mara ya tatu nikamwona yule kijana ameuma midomo, mabega yanamtikisika, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikaanza kumwigizia yeye. Mwongozaji akaniambia hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na alisema kweli. Ya nne na ya tano sizikumbuki.

Mama mtu mzima aliyeigiza mama mkwe wangu alikuwa ameketi kando ya lenzi, nje kabisa ya picha. Zamu yake ya kupigwa picha ilikuwa bado. Angeweza kunisomea mistari yake huku akipumzika, na hakuna ambaye angemlaumu. Mara ya sita, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kutazama, nikamtazama yeye. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mikono ameikunja mapajani kama mtu anayezuia kitu kisimtoke.

Utani ukanitoka kwa sauti ya chini, kwa sababu ulikuwa wa mtu mmoja tu. Pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. Alitaka kucheka na hakuweza. Mstari uliofuata ukaja wenyewe, sikuusubiri.

"Kata. Hiyo ndiyo."

Wakati wa chakula nikaenda kuketi karibu naye.

"Mama, ulikuwa unalia tangu saa ngapi?"

"Tangu ya kwanza, mwanangu. Nilikuwa nakungoja unitazame."

Usiku ule nikarudi kwenye lile benchi, nikalitazama tena tangu mwanzo. Safari hii nilimtazama Matt Damon.