Siku yangu kwenye ofisi isiyo na watu

Saa 12 asubuhi nipo Pasua, hapa Moshi, nasubiri hiace. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imetoka yote leo, lakini muda si mrefu itajifunika.

Saa 1:30 nasaini daftari la mahudhurio. Wenzangu walihamia jengo jipya mwaka 2018, nikabaki mimi, mhudumu, ili jengo "lisiharibike".

"Shikamoo mzee," namsalimia mlinzi.

"Marahaba mwanangu. Popo wamekunya tena huko ndani."

Naanza na chumba cha masjala, chenye harufu kali kuliko vyote. Kalenda ukutani bado ni Machi 2018. Nafagia, napiga deki, namwaga ndoo ya maji ya mvua, nairudisha palepale chini ya dari linalovuja, nafunga. Vyumba 14. Kesho tena.

Saa 4 chai ya rangi na maandazi getini. Mzee aliwahi kulinda AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa kule Arusha, na hadithi yake ni hiyohiyo: majengo yale yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977, lakini hayakuachiwa popo. Yakawa kituo cha mikutano, ofisi zikapangishwa, hata ile mahakama ya mauaji ya Rwanda ikakaa humo mpaka ilipofungwa Desemba 2015. "Watu walikuwa wanalipa kodi, mwanangu!" Mimi namwongezea andazi.

Kijana wa kufyeka nyasi naye kafika. Analipwa. Kampuni ya ulinzi inalipwa. LUKU inanunuliwa kila mwezi kwa sababu ya taa za nje. Halafu kuna choo cha chini: tangi halifungi, maji yanachuruzika usiku na mchana, na koki ya nje imeganda kwa kutu. Nimeandika barua mbili kuomba fundi. Nikajibiwa kwamba jengo halitumiki, kwa hiyo halina fungu la matengenezo. Bili ya maji, hiyo fungu lake lipo! Kila kitu kinatoka kwenye kifungu chake, kidogo kidogo, na sijawahi kuona karatasi moja inayojumlisha vyote.

Saa 6 wanaingia mabwana wawili wa kuhakiki mali. Wanapindua viti kusoma namba zilizoandikwa kwa rangi nyeupe.

"Hiki mguu wake uko wapi?"

"Ndivyo kilivyo, bosi."

Wakaandika: kipo. Bila kibali hakitupwi.

Nikajitia ujasiri nikawauliza: mtaa wa pili kuna ofisi ya serikali imepanga kwenye ghorofa la mtu binafsi, si ihamie hapa? Mmoja akacheka. "Dada, hili jengo ni la taasisi nyingine." Mimi nilidhani serikali ni moja.

Mchana hakuna la maana. Nalala kidogo, sifichi.

Saa 9:30 nahesabu funguo, kila mmoja na kipande chake cha plasta: Mhasibu, Masjala, Bosi. Nakipiga kofi kile kitangi cha choo, kinanyamaza. Kabla sijafika mlango wa mbele nakisikia tena.