Hajaleta pesa, hamwoni mtoto

Saiba yangu iko karibu na Mahakama ya Watoto ya Tononoka, hapa Mombasa. Mimi si wakili, na nimebandika tangazo ukutani kusema hivyo kwa sababu watu hawaachi kuniuliza. Nachapa, natoa kopi, naskani. Lakini ukishinda kutwa unachapa hati za kiapo za wazazi walioachana, mambo yanakuingia kichwani upende usipende.

Juzi alikuja kijana wa tuktuk, hasira zimempanda. Makubaliano yao niliyasoma nikiyaskani: mtoto awe kwa baba Jumamosi saa 3 asubuhi hadi Jumapili saa 11 jioni, wikendi moja ndiyo, moja siyo. Mama kamfungia mlango mara mbili mfululizo. "Dada, niandikie barua. Simpi tena hata shilingi."

Nikamwambia kuandika nitaandika, shauri yako. Ila ukifika mbele ya hakimu, mwenzio atakuwa na kosa lake nawe utakuwa na lako.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Baba anazuia pesa kwa sababu hajamwona mtoto, mama anazuia mtoto kwa sababu hajaona pesa, na kila mmoja anaamini sheria iko upande wake. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kulelewa na baba na mama, wawe wameoana au la. Haki ni ya mtoto, si yao wao kuishika kama rehani.

Jambo jingine ni karatasi yenyewe. Wengi huandikiana mbele ya afisa wa watoto, au kwa chifu, wakaweka sahihi wakaenda zao. Ni ushahidi mzuri, hakimu ataisoma. Lakini nguvu kamili huipata ikishapelekwa kortini ikapitishwa kuwa amri. Ukiivunja baada ya hapo, ugomvi wako si na mzazi mwenzio tena, ni na mahakama.

Kwa upande wa matunzo, mwenye malimbikizo, yaani pesa za mtoto ambazo hajalipa, huitwa aje aeleze kwa nini asifungwe. Mwajiri anaweza kuamriwa amkate mshahara. Sheria ya kesi za madai inaweka kikomo cha miezi 6 kwa anayefungwa kwa deni, na akitoka, deni analikuta palepale. Kwa anayeficha mtoto kuna shtaka la kudharau mahakama, ambalo lina faini au kifungo. Lakini si rahisi kama watu wanavyodhani: lazima uonyeshe kwamba mwenzio aliijua amri na akakaidi kwa makusudi. "Mimi sikuletewa karatasi yoyote" ndiyo hoja ninayoichapa kuliko zote. Kwa hiyo, anayepeleka amri aandike kiapo kwamba ameifikisha.

Na kuna linalowatisha akina mama kuliko jela: mahakama kuangalia upya mtoto akae na nani. Nimeona mama amepata kazi Saudia, akamwachia bibi mtoto bila kumwambia baba wala kurudi kortini. Baba akawasilisha maombi. Simlaumu mama, njaa haina adabu, lakini makubaliano yalisema mtoto anakaa na yeye.

Ushahidi sasa. Taarifa ya M-Pesa ni dhahabu, na nywila yake inakuja kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo njoo na simu yenye chaji. Skrinshoti za WhatsApp zinahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, yaani karatasi yenye sahihi inayoeleza zilivyotolewa kwenye simu. Bila cheti, wakili wa upande wa pili atazipinga. Pesa za mkononi hazina pa kuonekana. Na nyinyi mnaotuma kwa namba ya mama mkwe, jueni mtakuja kuulizwa.

Ukifukuzwa kazi, usinyamaze miezi ikapita. Rudi uombe amri ibadilishwe mapema, kabla deni halijarundikana.

Yule wa tuktuk alituma pesa ya mwezi akiwa amesimama palepale kwenye kaunta, huku ananung'unika, kisha tukachapa kiapo cha kufungiwa mlango, tarehe zote ndani. Tulichelewa kwa jambo moja tu, lile linalonichelewesha kila siku. Namuuliza namba ya kesi, ananijibu, "Si ile ya mtoto?"