Upanga Uliofungwa Katika Nguo

Mbukwenyi wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu ni 1 Samweli 21:1-9, lakini msiishie hapo, endeleeni mpaka mwisho wa sura ya 22. Daudi anamkimbia Sauli. Anafika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, anapewa mikate mitakatifu, kisha anaulizia mkuki au upanga. Upo mmoja tu: ule wa Goliathi, umefungwa katika nguo nyuma ya naivera, lile vazi la kuhani.

Angalieni kuhani anavyoutaja. Anamkumbusha Daudi kwamba ni upanga wa yule Mfilisti aliyemuua katika bonde la Ela. Silaha inakabidhiwa pamoja na habari zake.

Huku Ugogo, wengi wa rika langu bunduki ya kwanza kuishika ilikuwa gobore la babu. La kwetu lilichomekwa kwenye boriti za tembe, limeviringishwa gunia lililokuwa jeusi kwa moshi. Kitako kilikuwa na ufa, kikazungushiwa waya wa shaba. Kazi yake ilikuwa kulinda mtama na uwele dhidi ya nguruwe pori, na mara mojamoja kutupatia digidigi. Ila hukuligusa kabla ya kusimuliwa habari ya ng'ombe. Usiku mmoja babu alisikia mtama unavunjika, akapiga gizani. Kulipokucha akakuta ng'ombe wa jirani amelala na mimba yake. Alilipa wawili, na hakuna mjukuu aliyeshika gobore lile bila kusimuliwa hayo yote, hata jina la ng'ombe.

Ndipo anakuonyesha: baruti kutoka kwenye pembe, kitambaa, gololi, kisha kushindilia kwa chuma taratibu, uso ameugeuzia pembeni. Fataki aliiweka mwenyewe. Siku nilipopiga, bega liliuma wiki nzima.

Alipofariki, kikao cha ukoo kilichukua muda mrefu kwenye gobore kuliko kwenye ng'ombe. Baba mkubwa alilitaka kwa kuwa ndiye mkubwa, baba mdogo kwa kuwa ndiye aliyebaki shambani. Habari ya ng'ombe wa jirani haikutajwa na yeyote. Mwishowe lilipelekwa polisi, na ndivyo inavyotakiwa: silaha ya marehemu hairithiwi kama jembe. Anayeitaka aombe kumilikishwa kwa jina lake, achunguzwe yeye mwenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015, na bado nasikia familia zinazofichana magobore darini. Wapendwa, hilo halina baraka.

Turudi Nobu. Daudi anajibu: hakuna mfano wa huo, nipe. Ni Daudi yuleyule aliyesimama mbele ya Goliathi akisema Bwana haokoi kwa upanga wala kwa mkuki (17:47). Sasa ana hofu, na chuma anachokisifu ni cha adui yake. Simlaumu sana; aliyewahi kuwindwa anaelewa. Lakini Doegi Mwedomi alikuwepo siku ile, akaona. Akamweleza Sauli juu ya chakula na juu ya upanga, na makuhani 85 wakauawa, kisha mji mzima wa Nobu, watoto wanyonyao na ng'ombe pia.

Akaponyoka mmoja, Abiathari mwana wa Ahimeleki. Daudi alimtaja Doegi, lakini hakumtupia lawama, ingawa Doegi ndiye aliyewaua makuhani. Alisema mimi ndiye niliyesababisha vifo vya nyumba ya baba yako. Kaa kwangu, usiogope. Kwa hiyo upanga ule nao ukaongezewa habari, na Daudi hakuificha kwa aliyeumizwa nayo.

Kwenye jumuiya wiki hii kila nyumba ije na kitu kimoja ilichoachiwa na wazee, kiwe shamba, mkuki, mifugo au jina, na aliye mkubwa asimulie habari zake zote, pamoja na zile zinazorukwa kwenye vikao. Vijana waulize maswali. Tutaanza na 22:20-23.