Udongo wa Youlgreave

Kila Jumatatu asubuhi, nikishamwogesha na kumpa chai, mzee niliyekuwa namhudumia kule Youlgreave, kijiji cha mkoa wa Derbyshire, Uingereza, alikuwa na ombi moja: nimsomee habari za kijiji. Zilikuwa kurasa chache tu, zimebanwa kwa pini, zinaingizwa na jirani kwenye tundu la barua mlangoni. Macho yake yalikuwa yameshaingiwa na ukungu, ila masikio yalikuwa mazima, na hakutaka niruke hata tangazo moja. Nikasoma. Basi la kwenda Bakewell limebadilishiwa saa. Paka wa kijivu amepotea, anayemwona atoe taarifa. Halmashauri ya kijiji imekaa ikajadili mashimo ya barabarani. Jumamosi kuna chai na keki ukumbini, na fedha zitakazopatikana ni za kuziba paa linalovuja.

Mimi natoka Same, upande wa milimani, Upare. Miaka yangu ya kwanza Uingereza niliishi mjini Derby, na jirani tuliyegawana naye ukuta nilimjua kwa kikohozi chake tu. Kwa hiyo zile kurasa zilinigusa kuliko mzee alivyodhani. Huku mashambani nilikuta watu wanaotangaziana paka, paa na mashimo, yaani watu wanaojua kwamba jambo la mmoja linawahusu wengine. Nilizisoma kwa sauti kama ninavyosoma somo kanisani.

Mwanzoni mwa Juni 2019 nikafika kwenye tangazo fupi chini ya ukurasa. Wanatakiwa wasaidizi wa kupamba visima. Ujuzi si lazima. Njoo na mkasi na nguo isiyoogopa matope.

"Hilo lirudie," mzee akasema.

Nikalirudia. Akaweka kikombe chini, akaanza kunieleza, na siku hiyo nilichelewa kwa mgonjwa wangu wa pili.

Kupamba visima ni mila ya vijiji vya Derbyshire. Kila kijiji kina juma lake kati ya Mei na Septemba, na Tissington ndiko kunakotajwa zaidi, wao huanza Siku ya Kupaa Bwana. Mbao kubwa hupakwa udongo wa mfinyanzi, na juu ya udongo huo watu huunda picha kwa petali za maua, kuvu inayoota kwenye mawe na miti, mbegu na magome, kisha huisimamisha penye kisima au chemchemi kama shukrani kwa Mungu kwa ajili ya maji. Hakuna rangi ya dukani wala plastiki. Kila kinachobandikwa kiwe kimeota au kimetoka ardhini.

Lakini Youlgreave (wapo wanaoandika Youlgrave) ina sababu yake, na mzee aliisimulia kama kitu alichokiona kwa macho, ingawa kilitokea karibu miaka mia moja kabla hajazaliwa. Kijiji kimekaa juu ya mwamba wa chokaa, na mto Bradford uko chini bondeni. Chokaa haitunzi maji, inayameza. Mvua inanyesha mwaka mzima na bado juu pale palikuwa hakuna maji safi ya kutosha. Wanawake walishuka bondeni na ndoo, wakapanda nazo mlima. Mpaka alipotokea mwanamke mmoja, Hannah Bowman, na chama cha wanawake cha kusaidiana, kitu kama vikoba vyetu, wakasema wamechoka, wakashikilia kwamba maji yaletwe kwa bomba. Mwaka 1829 yakaletwa kutoka chemchemi ya Mawstone, yakashuka kwa mteremko wake yenyewe mpaka kwenye tangi la mawe la mviringo katikati ya kijiji. Lile tangi bado lipo. Wenyeji wanaliita Fountain. Mwenye kutaka maji alilipa peni sita kwa mwaka, na kulikuwa na mtunza maji aliyelifungua kila asubuhi. Aliyechelewa alikuta yanachuruzika tu.

"Na mpaka leo," mzee akasema, akigonga mkono wa kiti chake, "maji unayoniogeshea ni ya kampuni yetu wenyewe ya kijiji."

Niliposikia habari ya mtu aliyekabidhiwa maji na watu waliosubiri asubuhi afungue, nilinyamaza. Kwetu Upare kuna ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo lililojengwa na wazee wetu kuziba kijito cha mlimani. Usiku kucha linajaa, asubuhi linazibuliwa, na maji yanafuata mfereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Ndiva haina mwenyewe mmoja. Ikijaa tope, au ukuta ukianza kuvuja, inatangazwa siku ya msaragambo na kila kaya inatoa mtu na jembe. Asiyekuja anatozwa. Nimekua nikienda msaragambo nyuma ya mama yangu, nikiwa na kijembe kilichokatwa mpini ili kinitoshe.

Nikamwambia mzee nitakwenda. Akasema, "Nenda. Mimi mikono yangu haishiki tena petali."

Siku ya kwanza ya kazi niliingia kwenye banda la mawe nyuma ya nyumba za barabarani, jioni baada ya zamu. Watu kama kumi na wawili, wengi wa umri wa mama yangu. Mbao zilikuwa zimetolewa majini zilikoloweshwa kwa siku kadhaa ili zisije zikanyonya unyevu wa udongo. Zimepigiliwa misumari midogo mamia kwa mamia, vichwa nje, ili udongo upate pa kushikia. Na pembeni kulikuwa na udongo wenyewe, bonge kubwa la kijivu ndani ya kihori, na wanaume wawili waliovaa mabuti ya mpira wakiukanyaga. Mama mmoja alikuwa anaumwagia maji, halafu chumvi, viganja viwili viwili. Chumvi inauzuia usikauke upesi.

Niliwatazama wakikanyaga. Kisha nikavua viatu, nikavua soksi, nikakunja suruali, nikaomba kuingia.

Ulikuwa wa baridi kiasi kwamba vifundo viliniuma. Lakini baada ya dakika chache mguu ukakumbuka. Udongo huanza ukiwa umegawanyika, huku mgumu huku uji, na kazi ya mguu ni kuyatafuta mabonge na kuyavunja, unasukuma kwa kisigino, unavuta kwa vidole, mpaka unaanza kunyonya unyayo na kuuachia kwa mlio mmoja, pale pale, kila hatua. Nikakanyaga kijiwe. Nikakiokota kwa vidole vya mguu, nikakitupa nje. Kikaja cha pili, cha tatu. Mabuti yalikuwa yamepita juu yake saa nzima. Kijiwe kikibaki, udongo unapokauka unapasuka kuanzia hapo, na ufa ukianza hausimami. Hilo nilifundishwa na mama yangu tukiziba ukuta wa ndiva: kiatu hakijui jiwe.

Wale wanaume wakaangalia mawe niliyoyarundika ukingoni. Hawakusema kitu. Mmoja akakaa kwenye ndoo, akaanza kuvua mabuti.

Tukaupaka kwenye mbao, unene kama wa kidole kilicholala, ukalainishwa kwa ubapa wa mbao ndogo mpaka uking'aa. Picha ya mwaka ule ilikuwa ya mwanamke Msamaria kisimani, kutoka Yohana sura ya nne. Mchoro ulikuwa kwenye karatasi kubwa. Karatasi inalazwa juu ya udongo, watu wanaipitisha pini kwenye kila mstari, tundu kwa tundu, na ikiinuliwa picha imebaki kwenye udongo kwa vitone. Juu ya vitone vinapangwa vitunda vikavu vya mti wa alda, vidogo, vyeusi, viwe kingo za picha. Ndipo vinakuja vitu visivyonyauka upesi, kuvu, mbegu, magome. Petali ni mwisho, ili siku yenyewe zikute bado zina uhai.

Mimi nilipewa mtungi. Bibi mmoja akanisukumia kopo la buni na kuniambia mtungi uwe wa kahawia. Nilipofungua kile kifuniko ile harufu ilinirudisha kwetu moja kwa moja, kwenye mkeka wa kuanikia nyuma ya jiko la bibi yangu. Nikazichomeka moja moja, mkato ukitazama chini. Buni mia mbili na zaidi kwa mtungi usiozidi urefu wa mkono wangu. Iliniuma shingo, nikafurahi.

Kesho yake nikahamia kwenye vazi la yule mwanamke, petali za haidrenja za buluu. Nilianzia begani nikashuka. Nilikuwa nimefika kiunoni bibi yule wa buni aliposimama nyuma yangu. Akasema kwa upole kwamba itabidi nizitoe zote. Kisha akanieleza: unaanza chini, unapanda, kila safu inalalia ile iliyotangulia, kama vigae vya paa. Ukianza juu, maji ya mvua yanaingia chini ya kila petali, na asubuhi picha iko chini. Saa mbili za kazi yangu nilizitoa kwa ncha ya kijiti. Yeye akavuta kigoda, akaanza upindo wa vazi pamoja nami, na hatukumaliza mpaka karibu saa sita usiku. Wapo watakaosema watu wazima wanahangaika bure na maua yatakayonyauka ndani ya juma moja. Mimi nimelikaa lile banda usiku tatu, na nasema hapana. Watu wale walikuwa wanazungumza muda wote: nani amelazwa, nani amepata mjukuu, shamba la nani limeuzwa. Zile habari nilizokuwa nikimsomea mzee, hapa ndipo zilipopikwa.

Mbao zikasimamishwa. Usiku huo mvua ikanyesha, mvua ya kweli, nikiisikia juu ya paa langu Bakewell nikawa silali. Asubuhi nikaenda mapema. Vazi lilikuwa linachuruzika maji kuanzia begani hadi upindoni, petali juu ya petali, wala hakuna hata moja iliyotoka mahali pake.

Mpwa wake alimleta mzee kwa kiti cha magurudumu wakati kasisi anabariki visima na bendi ya kijiji inapiga. Alisogezwa karibu mpaka uso wake ukawa kiganja kimoja kutoka kwenye picha. Hakuiona, najua hakuiona. Akanusa. Akauliza, "Mmeanzia chini?"

"Tumeanzia chini," nikamjibu.

Jioni nikampelekea mama picha kwa simu. Haikupita nusu saa akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona picha yako. Maua ni mazuri." Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia mbuzi. "Mwenyekiti kapita leo, ndiva ina tope hadi nusu, msaragambo ni Alhamisi. Sasa huo udongo wa huko, mbona haujapasuka? Nani kaukanyaga?"

"Mimi, mama. Na wenyeji."

"Na viatu?"

"Miguu mitupu."

"Ehee," akasema. "Basi utashika."